Bia Nyeusi Iliyokosa Povu

Mimi bia sinywi, lakini hii imenigusa, nami naipitisha kwenu kama nilivyoipata.

Hoteli moja ya Moshi ilitaka kuuza bia nyeusi inayopikwa na wenyeji. Ikawaita wapikaji wadogo wanne walete bia zao zionjwe na majaji, na mmoja tu apewe nafasi hiyo.

Mama Aika alikuwa wa nne. Bia yake aliipika kwa ulezi uliokaangwa mpaka ukawa na rangi ya kahawa. Alishashindwa mara mbili kwingineko, na nyumbani alikuwa amesema wazi: akikosa safari hii, anafunga kiwanda chake na kurudi kupika mbege, ile pombe ya ndizi, kwa ajili ya harusi.

Sharti lilikuwa moja. Bia ikishamiminwa, mwenye nayo haruhusiwi kugusa glasi.

Zamu yake ikafika, bia ikamiminwa. Mama Aika, bila hata kufikiri, akainyanyua glasi ya jaji mkuu akapiga funda. Kwao mgeni hapewi pombe kabla mwenyeji hajaionja mbele yake, na mkono ulishazoea.

Wenzake wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni mpikaji mmoja aitwaye Kileo, na sitanii, ndilo jina lake la ukoo.

"Mama, umejiondoa mwenyewe," alisema.

Mama Aika hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amekunja uso.

"Mzee Temba," alimwambia jaji mkuu, "hii ina sabuni. Tazama, povu limekufa. Bia yangu povu lake hukaa."

Mzee Temba akaonja. Alikuwa ameonja bia viwandani miaka thelathini, na aibu ilimshika. Kwenye karatasi yake, wote watatu wa mwanzo alikuwa amewaandikia: haina povu, ina ladha ya ajabu. Alidhani bia za mtaani ndivyo zilivyo. Kumbe glasi hazikusuuzwa vizuri.

Akamvuta Mama Aika kando.

"Kosa ni letu, kwa hiyo sikuondoi. Wenzako nimeshawapa alama, na hakuna aliyelalamika. Tukusuuzie glasi yako, tuendelee?"

Mama Aika alijua maana yake. Akikubali tu, nafasi ni yake. Akageuka, akamwona Kileo bado anacheka.

"Suuzeni zote," alisema. "Hata ya huyo."

Zikasuuzwa zote, bia zikaonjwa upya. Ikashinda bia ya Kileo. Mama Aika akawa wa pili, kwa tofauti ya alama moja. Alikaa kwenye benchi huku machozi yakimlengalenga, maana nafasi ile aliitaka kweli.

Mzee Temba hakuficha kitu. Alisimama akawaeleza wote habari ya sabuni, na jibu alilopewa kule kando. Kileo akaacha kucheka.

Kisha, kama mshindi, akaitwa awamiminie wageni wa hoteli bia yake. Akamimina glasi ya kwanza, akaipita meza ya wakubwa wa hoteli, akaenda mpaka kwenye benchi. Mbele ya Mama Aika akapiga funda moja, akasubiri kidogo, halafu akampa glasi kwa mikono miwili.

"Haina sabuni, mama," alisema. "Karibu."

Funzo: Onja kwanza unachompa mwenzako. Na ukigundua glasi zina sabuni, usisuuze yako peke yako.