Kwa Nini Mlinzi wa Mwili Hapigi Hodi

Kaeni, na anayetaka kunong'ona atoke nje. Hapo kale, kabla mwili wa binadamu haujaijua homa, ulikuwa mji wa seli. Seli zote zilikuwa watoto wa mama mmoja, na desturi yao ilikuwa moja: kila anayepika huweka kionjo mlangoni, kipande kidogo cha kilichomo chunguni, ili kila apitaye ajue nyumba hiyo inakula nini. Nyumba yenye kionjo haina siri.

Walinzi walikuwa wa aina mbili. Kulikuwa na walinzi wa chuo, waliofundishwa kwenye tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Hao walionja kila kionjo, na wakikuta ladha ya kigeni walijua adui kaingia, wakaimiminia nyumba hiyo sumu. Na kulikuwa na Tsuma, ambaye hakufundishwa na mtu. Yeye alizunguka mitaani akipiga hodi. Akiitikiwa karibu, anapita. Alilelewa na dada yake Nyamvula, mwenye nyumba katika mtaa wa Ini, na hapakuwa na kiumbe aliyempenda kuliko huyo.

Siku moja mgeni alibisha kwa Nyamvula. Jina lake Kirusi, mdogo mno, hana jiko wala chungu. Nyamvula akamhurumia, akamwingiza ndani. Mgeni akashika jiko, na alichopika ni wanawe, wakazaliwa chungu baada ya chungu. Kisha akamwambia mwenyeji wake, "Mama, ukiweka kionjo nje watanijua, na watakuua pamoja nami." Nyamvula akaogopa, akakiondoa.

Walinzi wa chuo wakafika, wakakosa cha kuonja, wakaenda zao. Hawakufundishwa kushtaki nyumba isiyo na ladha. Nyuma yao akaja Tsuma.

"Hodi, dada!"

"Karibu, mdogo wangu!"

"Mbona leo mlango mkavu?"

"Nimefunga."

Tsuma akacheka. "Wewe? Mlamba mwiko wewe, tangu lini ukafunga?"

"Hebu nipishe, una mdomo kama upawa!"

Ilikuwa sauti ya dada yake hasa, na matusi yalikuwa yake. Akapita. Hilo ndilo kosa, nami silipambi: aliisadiki sauti, asiusadiki mlango.

Aliporudi, wana wa Kirusi walikuwa wamekwisha kupenya kwa majirani. Nyumba zilipasuka moja baada ya nyingine, na mji ukashikwa na homa yake ya kwanza. Tsuma akasimama mbele ya mlango ule mtupu.

"Dada, toa kionjo. Chochote."

Nyamvula akasema, "Sina changu tena, Tsuma. Kilichomo chunguni chote ni chake. Wamejaa mpaka darini, na nikipasuka mtaa mzima umekwisha."

"Basi nitakutoa."

"Utanitoaje? Ukuta huu ndio mimi. Fanya kazi yako. Ila usinipigie hodi tena, mdogo wangu. Ukipiga nitaitikia karibu, kwa woga tu, nawe utaniamini."

Tsuma hakupiga. Aliikumbatia nyumba ya dada yake kwa mikono miwili, akaibana hata upepo usipate pa kupita kati yao. Hapo alipoikumbatia akatoboa tundu dogo ukutani, akamimina sumu. Nyamvula hakupiga kelele. Alijikunja taratibu, akamegeka vipande vidogo vidogo vilivyofungika vizuri, na Kirusi na wanawe wakafia humo humo. Wafagiaji wa mji wakaja wakazoa. Tsuma alikuwa bado amefungua mikono, hana cha kushika.

Na tangu siku hiyo kizazi cha Tsuma, ambacho wataalamu hukiita seli uaji asilia, hakipigi hodi kwa mtu. Kila nyumba wanayoifikia huikumbatia kwanza, wakapapasa mlangoni kutafuta kionjo. Wakikigusa, huilegezea na kupita. Wakikikosa, hawangoji amri wala hawaulizi hii nyumba ni ya nani, kwa maana jibu wanalijua: ni ya ndugu.

Ndiyo maana homa ikikutoka, watu wakakupongeza kwamba umepona, bado waweza kukaa kitako mchana kutwa huna nguvu ya kuinua kikombe. Usione haya, wala asije mtu akakuita mvivu. Ndani mwako kuna matanga.