Mzee Lugembe na Mkeka wa Mlangoni

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa nasikia watu. Sogeeni. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, usiniletee baridi. Ngano hii wengine wanaisimulia pia, sikatai, lakini wanaisimulia vibaya. Wakifika mtoni wanaruka. Mimi siruki kitu. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu mwalimu alichoka kunijibu, lakini ngano hii niliisoma mpaka mwisho, tena bila kitabu.

Hapo zamani za kale, mawingu yakipita chini kiasi cha kupangusa mapaa, palikuwa na kijiji kando ya mto wa mchanga. Mto wa mchanga mnaujua? Kiangazi chote hauna maji hata ya kunawa uso. Mbuzi wanalala humo. Kisha siku moja unakuja wote kwa pamoja, guuuuuu! Unachukua mbuzi, unachukua na aliyewafuata mbuzi.

Watu wa kijiji hicho walikuwa na ugonjwa. Haukuwa homa, haukuwa upele. Ulikuwa ugonjwa wa kutazama mawingu. Jua likipita utosini, mawingu yakianza kuota kama uyoga, wanaume waliacha majembe palepale shambani, wakapanda jabali lililokuwa nyuma ya kijiji, wakaanza.

"Itapiga!"

"Haipigi!"

"Itapiga, nakwambia! Lione lile lilivyofura!"

"Lile? Lile limeshiba upepo tu. Haipigi!"

Walikuwa wakibishania radi. Hakuna aliyewatuma. Hakuna aliyewapa hata kipande cha muhogo kwa kazi hiyo. Walipenda tu, kama wengine wanavyopenda bao.

Lakini walikuwa na desturi yao, na desturi hiyo haikuwa na huruma. Neno lako ulilalie. Ukisema haipigi, utoe mkeka wako uani, ulale hapo bila paa. Ukisema itapiga, uingize mafiga ndani, mke apikie humohumo, moshi uwatoe machozi nyote. Hivyo maneno yao hayakuwa ya bure.

Alikuwapo Kasubi, mwenye goti. Kasubi hakutazama mawingu, alisikiliza goti. Goti likiuma, itapiga. Na goti liliuma kila siku. Macho ya Kasubi yalikuwa mekundu mwaka mzima kwa moshi. Mkewe akamwambia, "Bwana, lioe hilo goti lako, likupikie."

Alikuwapo Ndalahwa. Huyo alikuwa kijana wa sauti kubwa na kifua mbele. Neno lake lilikuwa moja: haipigi. Alinyeshewa, akaloa, akakohoa, akapanda jabali siku ya pili na kusema, "Ile haikuwa radi. Yalikuwa manyunyu yenye kelele."

Na alikuwapo Mzee Lugembe. Ndiye ninayemkumbuka hapa. Yeye alitazama mawingu tangu hao wote hawajazaliwa. Wakimwuliza, "Mzee, leo vipi?" alitazama. Akatazama tena. Akanusa. Akanyamaza mpaka watu wakapiga miayo. Kisha akasema:

"Sijui."

Na neno lake akalilalia. Alitandika mkeka mlangoni, kichwa ndani, miguu nje. Siku nyingine alisema, "Leo sijui sana," akauvuta mkeka ndani mpaka magotini. Siku nyingine, "Leo sijui kidogo," akausukuma nje mpaka kifuani. Mvua ikija, anaamka kichwa kikavu na miguu imeloa. Kijiji kizima kikacheka.

"Amezeeka na mawingu, hajajua hata moja!"

Mzee naye alicheka, kwa yale meno mawili yaliyobaki. "Nimeona wingu kubwa kama mlima likanywea kama jipu lililotumbuliwa," akasema. "Na nimeona kawingu saizi ya kofia kakaua ng'ombe. Niseme nini?"

Basi, sikilizeni sasa, mcheko umekwisha.

Ndalahwa alikuwa na mke, Nyanzobe. Nyanzobe akashikwa na uchungu. Siku ikaisha, mtoto hakutoka. Kukapambazuka, mtoto hakutoka. Wanawake wakamgusa tumbo, wakatazamana. Mtoto alikuwa amelala kingamo. Mikono ya kumgeuza mtoto wa hivyo, nchi ile yote, ilikuwa ya mtu mmoja tu, Bi Holo mkunga. Na Bi Holo alikaa ng'ambo ya mto, amevunjika nyonga, hatembei. Mikono ilikuwa mizima, miguu haikuwapo. Haji. Lazima apelekewe mgonjwa.

Na mchanga ule ulikuwa mpana! Mtu wa ng'ambo unamwona, humtambui. Na mwezi ule ulikuwa mwezi wa radi.

Ndalahwa akakimbia jabalini. Wenzake wote walikuwa juu.

"Semeni! Itapiga au haipigi?"

Wakatazama juu. Anga jeupe, vijiwingu viwili vitatu kama pamba iliyomwagika. "Haipigi!" wakasema wote kwa pamoja.

"Goti linasema itapiga," akasema Kasubi.

"Nyamaza na goti lako!"

"Na wewe, Ndalahwa, wasemaje?" wakamwuliza. "Wewe ndiye wetu wa haipigi."

Ndalahwa akafungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua tena. Neno alilolisema kila siku akalimeza. Leo hakuwa anatoa mkeka, alikuwa anamtoa mke.

Akamgeukia Mzee Lugembe. "Mzee wangu, niambie. Na usiniambie sijui! Leo niambie kitu kingine!"

Mzee akatazama. Akanusa. Akasema, "Mwanangu, sijui."

"Basi uzee wako ni wa kazi gani?"

Lo! Watu wakaangalia chini. Mzee haambiwi hivyo. Lakini Lugembe hakukasirika. Alijua aliyesema ni uchungu.

"Keti kidogo," akasema. "Ninyi nyote mmetazama wapi?"

"Juu, mzee."

"Juu ya nini?"

"Juu ya kijiji."

"Mto huu unatoka kijijini?"

Mto ulitoka milimani, mbali, nyuma ya vilima. Miaka yote walitazama kipande kimoja tu cha anga, kile kinacholowesha mikeka yao. Kile kinacholowesha mto hawakukitazama hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyelala kule.

"Hapa haipigi, pengine," akasema mzee. "Kule sijui. Lakini Nyanzobe akikaa atakufa. Hilo nani halijui?"

Mzee akainuka.

"Basi tumpeleke. Waliosema haipigi, neno lenu mlilalie. Ninyi ndio mtakaobeba kitanda."

Desturi ni desturi, wakashuka kutafuta kitanda cha kamba.

"Kasubi, wewe chukua ngoma. Nenda kona ya mto ya juu kabisa, pale milima inapoonekana."

"Mimi, mzee? Mimi naogopa kila kitu!"

"Ndiyo maana. Jasiri nikimweka kule atalala usingizi. Lakini sikia. Usipige ngoma kwa sababu ya goti. Usipige kwa sababu ya wingu. Usipige hata radi ikipiga. Piga ukiona maji. Ukipiga mapema watarudi, na wakirudi, yule binti amekufa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na goti likisema?"

"Lijisemee."

Katika kila kona ya mto akaweka mtu na ngoma, kila mmoja amsikie wa juu yake. Ngoma ya mwisho, ya hapo kijijini, akampa Ndalahwa, maana kwa mila yao mume hagusi kitanda cha uzazi. Kisha mzee akaenda mwenyewe katikati ya mchanga akachomeka mti, akarudi ukingoni.

"Ngoma ikilia hamjafika mti huu, rudini. Ikilia mmeupita, kimbilieni ng'ambo. Hakuna kubishana. Mmesikia, ninyi? Leo hakuna kubishana!"

"Tumesikia, mzee."

Wakambeba, amejifunika khanga yake nyekundu. Wanaume wanne chini ya kitanda, mama yake Nyanzobe kando anamfuta jasho. Wakaingia mchangani. Chwa, chwa, chwa. Mchanga laini, mguu unazama. Chwa, chwa, chwa. Nyanzobe anaguna. Juu, anga jeupe.

Na kule kona ya juu? Kule, jamani, wingu lilikuwa limesimama juu ya mlima. Likapanda, likafura, likapanda. Kifuani likawa jeusi. Goti la Kasubi likawaka moto. Umeme ukachana anga, chwaaa! Radi ikajibu, gudu-gudu-gudu-gududu! Kasubi akainua mkono apige ngoma. Akaurudisha. Akaukalia. Akainua wa pili, akaukalia nao. Mtu yule aliyesema itapiga maisha yake yote, siku ambayo imepiga kweli, akakaa juu ya mikono yake akilia, "Bado. Sijaona maji. Bado."

Kisha akayaona. Yalikuja na povu, yamebeba magogo, kahawia kama uji wa ulezi.

Ndu-ndu-ndu-ndu!

Kona ya pili ikaitikia. Ndu-ndu-ndu-ndu! Kona ya tatu. Ndu-ndu-ndu-ndu! Ngoma zikayashinda maji mbio.

Ndalahwa akasikia. Akatazama juu. Jua linawaka. Akatazama mchangani: mke wake yuko katikati.

"Mzee, huyo ni Kasubi! Kasubi kila siku anasema itapiga!"

"Piga ngoma."

"Anga jeupe, mzee! Nikipiga watarudi, Nyanzobe atakufa!"

"Mwanangu, anga hilo ni la mkeka wako. Piga!"

Ndalahwa akapiga huku amefumba macho. Ndu-ndu-ndu-ndu!

Sasa hapa ndipo wale wengine wanaporuka. Mimi siruki. Ngoma ilipolia, kitanda kilikuwa wapi? Kilikuwa palepale kwenye mti! Wawili wa mbele wamepita, wawili wa nyuma hawajapita. Na wale watu, mnawajua walivyo.

"Tumeshapita, mbele!"

"Hatujapita! Mimi bado niko huku!"

"Mimi ndiye wa mbele, mimi ndiye ninayejua!"

"Mzee alisema kitanda au alisema mtu?"

Wanabishana! Mto unakuja, wao wanabishana!

Nyanzobe akainua kichwa, akashika ukingo wa kitanda. "Nyie wanaume! Nilikotoka hakuna mkunga. Mbele! Aliyechoka aniweke chini, nitatambaa mwenyewe!"

Basi wakakimbia. Mchanga ulioshika miguu ukawa kama umewaachia. Chwachwachwachwa! Mama mtu akatupa viatu, akatupa na mtandio, akawapita wote. Nyuma yao, guuuuuu! Wakapanda ukingo wa ng'ambo, na maji yakapita yakiramba visigino vya yule wa mwisho. Mti wa mzee ukang'oka, ukaenda zake.

Walivuka. Lakini aliyevuka hajazaa, na mto sasa ulikuwa ukuta. Huku hakuna anayekwenda, kule hakuna anayekuja. Ngurumo ya maji ilimeza kila sauti. Ndalahwa aliita jina la mke wake mpaka sauti ikakauka, hata yeye mwenyewe hakujisikia. Mchana ukaelekea jioni. Kasubi akarudi akichechemea, akaketi kando yake. Ndalahwa akamshika mkono.

Jua lilipoanza kuinama, wanawake wakatoka nyumbani kwa Bi Holo. Wakasimama ukingoni. Vichwa vimetupwa nyuma, midomo wazi. Sauti haiji hata chembe.

Wale wa jabalini, mnadhani walinyamaza?

"Wanalia," akasema mmoja kwa sauti ya chini.

"Sivyo, vile ni vigelegele."

"Kilio."

"Vigelegele!"

Ndalahwa akamtazama Mzee Lugembe. Safari hii hakuthubutu kuuliza. Aliogopa kila jibu, hata lile la siku zote.

Mzee akakinga macho kwa mkono. Akatazama. Akatazama tena.

"Wanaolia hushika vichwa," akasema. "Tazama mikono yao, mwanangu. Wale wameshika viuno. Na yule wa katikati hana nafasi ya kushika kitu, amebeba. Na kule mlangoni kuna mtu ameketi anatupungia khanga nyekundu. Mkunga hana khanga nyekundu. Ya nani hiyo?"

Ndalahwa akatazama. Khanga nyekundu ilikuwa ya Nyanzobe.

Hakupiga kelele, maana zisingefika. Alifanya lile ambalo lingeonekana. Akapanda juu ya jiwe, akainua mikono, akacheza. Akacheza bila ngoma, bila wimbo, machozi yakimchuruzika. Kasubi akapanda naye na goti lake. Wa ng'ambo wakawaona, nao wakacheza. Huku hawawasikii wa kule, kule hawawasikii wa huku, na katikati mto unanguruma peke yake. Mzee Lugembe akaketi, akapiga makofi taratibu, akiwafuatisha wote kwa macho.

Basi, wanangu, ukitazama mawingu, tazama, ni raha, hata mimi hutazama, na hukosea mara chache sana, waulizeni wenye wivu. Lakini mtu akikujia na roho ya mtu mkononi, usimpe neno usilolijua ili tu uonekane unajua. Mwambie hujui. Kisha simama, umsaidie kubeba.

Ngano yangu imevuka mto. Anayeitaka aifuate ng'ambo, mimi koo limekauka. Nani ana maji?