Mume Chini ya Wali

Haya, sogeeni! Atakayekoroma nitamwita jini!

Jini alimgeuza Faki picha, akamnasa ndani ya bakuli lao la Kiajemi lenye nakshi za dhahabu, kitakoni. Angetoka siku mkewe, Mwanakheri, atakapokula wali humo hadi punje ya mwisho. Mwanakheri hakuambiwa, naye, kama kila mwanamke mwenye adabu, hubakiza tonge.

Akala, akibubujikwa machozi kwa kumkosa mumewe. Bakuli likasema, "Malizia!"

"Jini mlafi!" Akabakiza.

Miaka ikapita. "Malizia, mke wangu!"

"Jini mwongo!" Akabakiza.

Uzeeni akasikia, "Kipusa changu, nina hamu nawe." Mumewe tu ndiye aliyemwita hivyo. Akalilamba bakuli lote.

Faki akaruka nje, kijana vilevile, wali ndevuni. "Shikamoo, bibi. Umemwona mke wangu?"

Mwanakheri akampakulia. "Kaa ule," akasema. "Na usibakize."