Mzee Aliyesema Bado

Niwape kisa cha binti mmoja aliyekuwa na masikio. Msicheke. Najua kila mtu hapa ana masikio, lakini wengine wetu tunayatumia kushikia miwani tu. Huyu binti masikio ndiyo yalikuwa kazi yake. Alikuwa fundi wa sauti. Kwaya zikirekodi nyimbo zao, yeye ndiye anakaa na kompyuta, hedifoni kichwani, anasafisha. Kwaya nzima ikiimba, mama mmoja akateleza kidogo tu kwenye sauti ya tatu, binti anamsikia, anamkamata, anamrudisha kwenye mstari. Na nyinyi wa kwaya mnaotazamana hapo mbele, sijamtaja mtu.

Kazi hiyo aliipenda kweli. Aliiona ni utumishi. Alikuwa anasema, mtu yuko mahali amekata tamaa, anafungua redio, anasikia wimbo, anapata nguvu ya kuamka kesho. Na alikuwa sahihi. Sitaki mtu atoke hapa leo akasimulie kwamba mchungaji alimsema vibaya binti mchapakazi.

Basi mama yake akafariki. Hata machozi ya msiba hayajakauka, baba naye akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, na maneno yakampotea karibu yote. Yakabaki machache tu: "ee", "haya" na "bado". Mzee ambaye zamani akianza kuongea, wageni wanaangalia mlango! Binti akafunga chumba chake cha mjini, akabeba kompyuta yake, akarudi nyumbani kumtunza. Ndugu wakamshauri atafute msichana wa kazi. Akakataa katakata.

"Baba yangu nitampikia mwenyewe," alisema, na aliposema amesema.

Akaanza na mtori. Akamenya ndizi, akazichemsha na nyama ya mfupa mpaka zikalegea, akaziponda vizuri, akatia maziwa kidogo, akapakua kwenye bakuli. Akaliweka kwenye stuli mbele ya kiti cha mzee, akamshikisha kijiko mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu.

"Baba, karibu chakula."

Mzee akatazama bakuli. Akamtazama binti aliyesimama mlangoni, taulo la jikoni begani, hedifoni zikining'inia shingoni. Akaweka kijiko chini.

"Bado," akasema.

Sasa wewe ungeelewaje? Chakula kiko mbele ya mtu, mtu anasema bado. Si ina maana hakijaiva? Binti akaomba radhi, akabeba bakuli, akalirudisha jikoni likachemke tena. Akaja nalo mara ya pili, akaliweka, akakimbilia kwenye kompyuta yake maana kuna kwaya ilikuwa inasubiri. Aliporudi alikuta vijiko viwili vitatu vimepungua, na kilichobaki kimepoa na kuganda.

Kesho yake akapika kwa muda mrefu zaidi. "Bado." Akanunua sufuria la presha, lile linalopiga kelele mpaka paka wa jirani anahama. Ndizi zikatoka laini kiasi kwamba mtoto asiye na jino hata moja angezimeza. "Bado." Akaingia kwenye simu, akatazama kina mama wanaofundisha mapishi, akajaribu viazi vya njegere, samaki wa nazi, uji wa ulezi. Vyote bado. Akawaza, pengine ana maana hajasikia njaa bado. Akaweka alamu kwenye simu imkumbushe kurudi na chakula kila baada ya muda. Alamu ikawa inalia, binti anakuja mbio, anaweka bakuli, anasikia "bado", anaondoka mbio. Hakuwa mvivu huyu mtu. Angalieni sana hapo: hakuwa mvivu hata kidogo.

Lakini mzee alikuwa anakonda. Shati lililokuwa linambana kifuani likawa linapepea.

Na mnajua majirani zetu. Jirani mmoja akapita alasiri kumjulia hali, akauliza kama tunavyouliza wote, "Mzee, umeshakula?" Mzee akajibu lile neno lake. "Bado." Alasiri hiyo! Jirani akatoka na uso mzito, akapita nyumba kwa nyumba. Kabla ya jioni mtaa wote ulikuwa unajua kwamba kuna binti anamshindisha baba yake njaa ili acheze na kompyuta.

Nesi wa zahanati naye akaja kumpima. Akamuuliza swali lilelile, akapata jibu lilelile. Akamgeukia binti.

"Dada, mzee anakula saa ngapi humu ndani?"

"Nampikia kutwa nzima, nesi. Njoo jikoni uone sufuria."

"Mimi siangalii sufuria, naangalia mgonjwa. Amepungua sana huyu. Wiki ijayo nikimkuta hivi, atalazwa, awekewe mpira wa puani. Atalishwa kwa mpira mpaka hapo Mungu atakapopenda."

Habari ikamfikia kaka yake aliyeko mbali. Akapiga simu. Hakusalimia vizuri.

"Dada, nasikia baba anashinda na njaa."

"Nani kakwambia?"

"Si amesema mwenyewe? Kila anayemuuliza anaambiwa bado. Jumamosi nakuja kumchukua."

Binti alikata simu akakaa kwenye ngazi ya jikoni. Iliuma. Kusingiziwa na mtaa kunaweza kuvumilika, lakini baba yako mwenyewe akushtaki kwa watu, kwa neno moja kati ya matatu aliyobakiwa nayo! Alilia kidogo. Kisha akafuta uso akasema kwa sauti, peke yake, jikoni: "Haendi popote. Na mpira hawekewi. Atakula mikononi mwangu."

Ijumaa akapika mtori tena, ule wa mwanzo, bila presha wala simu. Akapakua, akapeleka, akaweka. "Baba, karibu chakula." Akabaki amesimama.

Mzee akamtazama. "Bado."

Ndugu zangu, hapo binti alichemka. Heshima yote ya kulelewa ikamponyoka.

"Bado nini, Baba? Haijaiva wapi? Nionyeshe! Nimepika mpaka vidole vimeniungua, unasema bado! Nesi anauliza, bado! Jirani anauliza, bado! Sasa tuone kama haijaiva!"

Akavuta kigoda kwa hasira, akakaa chini mbele ya baba yake, goti kwa goti. Akachota mtori, akajaza kijiko, akatia mdomoni mwake. Akameza. "Unaona? Sijatafuna hata! Imeiva! Imeiva, Baba!"

Mzee akacheka. Mdomo umepinda lakini kicheko ni kilekile. Akanyoosha ule mkono wa kushoto, akachukua kijiko kutoka mkononi mwa binti.

"Haya," akasema.

Akala. Akachota, akala, akamrudishia kijiko. Binti akabaki amekishika, hajui afanye nini. "Haya," mzee akasema tena, akiashiria bakuli kwa kidevu. Binti akala. Wakaenda hivyo, baba na mtoto, kijiko kimoja, mpaka bakuli likabaki jeupe.

Ndipo akakumbuka. Zamani, mama yao akipakua chakula, hakai. Anaweka ugali, anarudi kuchukua mboga. Analeta mboga, anakumbuka chumvi. Analeta chumvi, maji ya kunawa yameisha. Watoto wamezunguka sinia, mate yanawajaa, wanauliza, "Baba, tuanze?" Na baba anajibu kila siku, bila kukosa, "Bado. Mama yenu hajakaa." Hakuna mkono uliokuwa unagusa chakula katika nyumba ile mpaka aliyekipika amekaa. Mama alikuwa anakuja mwisho, anajifuta mikono kwa kanga, anaimba chini chini wimbo wake wa jikoni, anakaa. Baba anasema, "Haya." Wanasali, wanakula.

Mzee alikuwa hamshtaki mtu. Alikuwa anamngoja. Kila bakuli lililoletwa, alimngoja aliyelipika akae, na aliyelipika alikuwa ameshakimbia. Jirani akiuliza, "Umeshakula?" anasema kweli tupu: bado, mwanangu hajakaa. Vile vijiko viwili vitatu alikula peke yake kwa kuwa njaa ilimshinda, akaona vibaya, akaacha.

Na yule binti, ambaye anamsikia mama mmoja akiteleza katikati ya kwaya nzima, hilo neno alilisikia kila siku na hakulisikia. Akaweka kichwa kwenye magoti ya baba yake akalia, na safari hii hakulia kidogo.

Simu ikaita hapohapo. Ni mwalimu wa kwaya, anataka wimbo wake.

"Wimbo utachelewa, mwalimu," binti akasema. "Niko na baba, tunakula."

"Mnakula tu?"

"Tunakula tu."

"Dada, hii ni kazi ya Mungu, ujue."

"Najua, mwalimu. Kesho mchana utakuwa tayari." Akakata, akazima simu, akavua hedifoni shingoni akaziweka juu ya kabati. Jumamosi kaka yake alipoingia kwa kishindo kumchukua mzee, aliwakuta mezani. Akaambiwa anawe mikono akae, wanamngoja yeye.

Naona baadhi yenu mnafuta macho, mnawafikiria wazee wenu. Vizuri. Wafikirieni, na mkitoka hapa msiwatumie hela kwenye simu mkadhani mmewatembelea. Lakini nikiwaacha hapo nitakuwa nimewadanganya. Kisa hiki nimekileta kwa ajili yetu sisi, watu wa nyumba hii.

Nani kati yetu hajui kumwandalia Mungu? Tunaandaa sana! Kwaya inafanya mazoezi, kina mama wanadeki, vijana wanafunga mitambo tangu alfajiri, wazee wanapanga vikao, mimi na wenzangu tunapanga mahubiri. Tunaweka mezani, tunakimbia. Tunamwekea wimbo, tunakimbilia wimbo mwingine. Tunaomba mguu mmoja ukiwa tayari uko nje ya mlango. Halafu tunashangaa, mbona nyumba ni kavu? Mbona tunaimba na mioyo haisogei? Tunasikia kama anatuambia "bado", na unajua tunafanya nini? Tunanunua sufuria la presha! Tunaleta spika kubwa zaidi. Tunarefusha mkesha. Tunaunda kamati nyingine. Tunadhani chakula hakijaiva.

Chakula kiliiva zamani, ndugu zangu. Mpishi ndiye hajakaa.

Mungu tunayemtumikia hakutuita tuwe wahudumu wa kupeleka sahani. Alituita tuwe watoto wa nyumba. Na baba mwenye nyumba haanzi kula wakati mtoto wake amesimama mlangoni na taulo begani, hata huyo mtoto awe amepika vizuri namna gani. Anangoja. Anakonda kwa kungoja, nikisema kibinadamu. Nasi tunaenda kuwaambia watu kwamba ni mgumu kuridhika.

Tutafanya kazi, wala msinielewe vibaya. Kesho tutaamka mapema kuliko leo. Binti yule hakuacha kupika, na wimbo wa mwalimu wa kwaya ulitoka, ukasafishwa, ukachezwa. Lakini kuanzia leo hatufanyi kazi ya Mungu kama watu wanaomkimbia Mungu. Hilo nimeazimia, nanyi azimieni pamoja nami, kila mmoja moyoni mwake, sasa hivi.

Desturi yetu mahubiri yakiisha tunasimama kwa wimbo. Leo hatusimami. Mwalimu wa kwaya, shusha mkono. Wewe kijana wa mitambo, zima hivyo vitufe, toka huko nyuma, njoo hapa mbele. Mama mhudumu wa mlangoni, acha mlango, hauibwi. Wewe uliyeanza kukusanya mkoba, uweke chini. Nami nashuka hapa.

Hakuna wimbo, hakuna tangazo. Tukae.