Mtani wa Ndovu

— Hadithi yabisha hodi!
— Karibu, ipite ndani!
— Imekuja na mkubwa, imekuja na mdogo!
— Nani akae kitini?
— Tegeni sikio, mtaona.

Basi, katika mbuga moja kavu palikuwa na kisima kimoja tu, na mlinzi wake alikuwa Ndovu. Ndovu akitembea, ardhi ilisema ndi! ndi! ndi! Akipuliza mkonga, puuuu! Simba alifyata mkia akakimbilia vichakani. Hapo swala walikunywa, pundamilia walikunywa, na pimbi, wale wanyama wadogo wa kwenye mawe, nao walikunywa na watoto wao.

Pimbi mmoja alipanda jiweni kila asubuhi kumtazama Ndovu tu. Hakuchoka. Alimwona akiziba jua, moyo ukamjaa, akasema, "Loo, mtani wangu ni mkubwa!" Maana ukoo wa pimbi na ukoo wa ndovu walikuwa watani tangu enzi za mababu: kutukanana ruhusa, kukasirika mwiko.

Siku moja Ndovu akaita mkutano.

"Nimechoka kulinda watu wasionifaa kitu," akasema. "Sera yangu imebadilika. Kuanzia leo Simba ni rafiki yangu. Mimi nachukua maji, yeye anachukua nyama. Kila mtu ajilinde."

"Lakini Mzee," akasema Swala, "si ulituapia kutulinda?"

"Niliapa jana. Leo ni leo."

Simba akatoka vichakani taratibu, analamba midomo. Pimbi akawatazama wanawe, ndimi zimewakauka kwa kiu, akaogopa. Kisha akashuka jiweni, tipu tipu tipu, akaenda kulala chali njiani, katikati ya Ndovu na Simba.

"Ondoka, nitakusaga!" akafoka Ndovu.

"Siondoki! Wewe pua ndefu, masikio kama majamvi ya msibani! Unafunga urafiki bila kumwita mtani wako?"

Wanyama wakashika vinywa. Ndovu akainua mguu, mguu ukaziba mbingu. Chini yake Pimbi aliona mikunjo, aliona matope, aliona kifo chake. Hata hapo akasema, "Loo, mtani wangu ni mkubwa!"

Ndovu angefanya nini? Kiapo alishakivunja, lakini akimkanyaga mtani hadharani, mbuga nzima ingemcheka mpaka afe. Akacheka, ho! ho! ho! Akaushusha mguu pembeni, ndi!

"Nawe Bwana Simba," akasema Pimbi, "rafiki wa mtani wangu ni mtani wangu, kwa hiyo usinirarue. Hongera kwa kupata rafiki! Jana alikuwa rafiki wa Swala, alimwapia papa hapa. Wewe amekuapia wapi?"

Simba akaacha kulamba midomo. "Papa hapa," akajibu.

"Vizuri! Basi fungeni urafiki wa kweli, mpeane watoto wa kulea. Bwana Simba, mpe Ndovu mwanao. Mzee Ndovu, mpe Simba ndama wako, akalale pangoni kwake."

Ndovu akamtazama ndama wake akicheza matopeni. Akayatazama meno ya Simba. "Ndama wangu bado ananyonya," akasema.

Simba akautazama ule mguu. "Na mwanangu... ana kikohozi."

"Kwani huniamini?"

"Wewe unaniamini?"

"Mbona humtoi mwanao?"

"Mbona humtoi ndama?"

Puuuu! Mkonga ukalia, majani yakapukutika. Simba akafyata mkia, akatokomea.

Wanyama wakanywa, gudu gudu gudu. Swala akamwuliza Pimbi, "Sasa tuko salama?"

Pimbi akamtazama Ndovu aliyesimama kisimani, jua limejificha nyuma ya mgongo wake. Alipendeza, na alitisha.

"Loo, mtani wangu ni mkubwa," akanong'ona. "Leo tuko salama. Wanao wafundishe kukimbia."

Kisha akaenda nyuma ya jiwe lake, akaanza kuchimba kisima kidogo kwa kucha zake mwenyewe.

— Na funzo lake, watoto: mkubwa akisema, mdogo anyamaze!
— Hata Pimbi?
— Pimbi kabisa! Si mmeona alivyonyamaza? Haya, hadithi yaaga!
— Iende salama, ituachie maji!