Pembe ya Kifaru na Homa ya Kidawa

Hapo zamani za kale, asubuhi zilipokuwa bado hazijajifunza kuharakisha, ukungu ulishuka bondeni ukalala humo mpaka ulipochoka wenyewe. Ndani ya ukungu huo palikuwa na shule, na langoni alisimama Mwalimu Mkuu Kifaru. Nyie mnaosukumana huko nyuma, tulieni, ama ninyamaze.

Kifaru alikuwa na sheria yake: mtoto habaki nyumbani mpaka apimwe homa langoni. Na alipima kwa nini? Kwa pembe! Anaigusisha kwenye paji la uso, anafumba macho, anasema, "Baridi! Darasani!" Asiyeletwa, jina linafutwa.

Siku moja akaja Mama Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mrija. Mgongoni kambeba bintiye, Kidawa. Mtoto anawaka, macho yanaelea.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba ruhusa. Huyu tangu jana hali wala hanywi."

"Mlete." Pembe, tik! "Baridi."

"Mwalimu, mguse basi kwa..."

"Unabishana na pembe, mama? Darasani, au nifute jina!"

Mama Sange akarudi nyuma hatua moja. Msidhani ameshindwa. Kisha akasema polepole, "Haya, nimekubali. Ila mtoto kaota ndoto, na wewe umo. Hataki kuisema ila sikioni mwako."

"Mimi nimo?" Kifaru akatabasamu. Mijitu mikubwa inapenda sana kuotwa! Akajilaza chini, bwaa! Sikio lake likawa kama pango lenye manyoya laini. Kidawa akaingia, nyatunyatu, akajikunja humo.

"Babu," akanong'ona kwa sauti ya homa, "mto unapanda mlima... nyota zinaoga... na wewe unaelea, mwepesi kama unyoya..."

Kifaru akafumba macho. Akauona mto ukipanda kimyakimya, nyota zikimwagiana maji, naye yuko juu, hana uzito, hana hata pembe. Lo, raha! Halafu jua likaanza kumsogelea. Likasogea. Likasogea tena. Likamgusa sikio.

"Uwiii! Naungua! Nani kaniwekea kaa la moto?"

"Kaa gani tena, Mwalimu? Huyo ni Kidawa, na ni baridi. Pembe imesema."

"Pembe inajua nini! Mtoe!"

"Nimpeleke darasani?"

"Mpeleke nyumbani! Mpe maji! Asirudi mpaka apoe!"

"Na jina lake?"

"Lipo, lipo! Mtoe tu, mama!"

Mama Sange akamtoa bintiye, akamfunga mgongoni, wakayeyukia ukunguni. Kidawa alirudi shule asubuhi aliyoamka amepoa na kudai uji mwenyewe. Akamkuta Kifaru langoni amelaza sikio chini, anawangoja watoto, na pembe kaigeuzia pembeni kama kitu cha kuazima.

Mtoto mwenye homa abaki nyumbani, na asiyeweza kulisikia joto lake asijifanye wa kuamua.