Firigisi ya Kuku Kishingo

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa na nani?

— Na Kuku.

Kuku ana nini?

— Anaumwa tumbo.

Kala nini?

— Hatujui.

Hata mimi mpaka leo sina hakika na ngano hii, lakini nitawapa kama nilivyopewa. We mtoto Sikudhani, toa mguu wako kwenye jivu. Anayetaka kuuliza asubiri mwisho, maana ina kona nyingi na mimi mwenyewe huwa napotea humo ndani.

Basi alikuwepo Fisi. Fisi mnamjua, meno makubwa na tumbo lisilojua kushiba. Siku moja akakuta tenga mtaroni, limedondoka kutoka kwenye baiskeli ya mchuuzi wa kuku, na mchuuzi keshakwenda zake. Ndani kuna kuku mmoja, maji yanamfika kifuani. Fisi akaling'ata tenga, kwaruu, akamtoa.

"Nimekuokoa," akasema Fisi.

"Asante," akasema Kuku.

"Sasa tulia nikutafune."

Kuku akashindwa kuelewa. Kuokolewa ndiyo huku?

Kuku huyu alikuwa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, kwa hiyo siri zake zote zilionekana. Chini ya shingo alikuwa na uvimbe mkubwa kama chungwa. Njaa ya ndani ya tenga ilimfanya ale kamba za katani, nazo zikamkwama hapo. Kila akipumua, kro, kro, kro. Mdomo unanuka uchachu.

Harufu haikumsumbua Fisi hata kidogo. Kilichomsumbua ni kingine. Maisha yake yote alikula mizoga, mifupa, kwato, hata viatu vya watu, lakini firigisi ya kuku hajawahi kupewa. Na firigisi, mnajua wenyewe, hailiwi na kila mtu. Inawekwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, na mwingine akiigusa ni ugomvi. Fisi alitaka aile firigisi ile amekaa mkekani, watu wanamtazama.

Jirani yake, Panya Buku, akapita.

"Jirani," akasema Fisi, "firigisi ya kuku anayeumwa tumbo inaliwa?"

Buku akamtazama Kuku. Kuku akamtazama Buku, machozi yanamlengalenga.

"Inaliwa," akasema Buku. "Ila ugonjwa unahamia kwa mlaji. Utatembea kro, kro, kro mpaka kaburini."

"Nifanye nini?"

"Mponye kwanza."

Fisi akambeba Kuku mpaka nyumbani kwake, akapasha maji yakawa vuguvugu. Akamnywesha Kuku, akamtilia na mafuta kidogo ya alizeti, akamkanda uvimbe polepole. Fisi, kanda, kanda, kanda. Kuku, kro, kro, kro.

"Amepona?" akauliza Fisi.

"Bado," akasema Buku.

Asubuhi kanda, kanda, kanda. Jioni kro, kro, kro. Amepona? Bado.

Fisi alipokwenda kuchota maji, Kuku akanong'ona, "Kaka Buku, nimechanganyikiwa. Nisipopona nakufa. Nikipona naliwa. Niombe nini?"

"Omba mtama," akasema Buku. "Mengine niachie mimi."

Siku hiyo hiyo Kuku akainamisha kichwa, akatapika fundo la katani, pwaa. Uvimbe ukanywea. Fisi akarukaruka uani.

"Amepona. Nipe kisu."

"Uvimbe umepona," akasema Buku. "Firigisi je? Firigisi inasaga kwa kokoto, na ya huyu ni tupu. Unataka kutafuna ngozi?"

Fisi akaenda mtoni, akaleta kokoto ndogondogo. Kuku akadonoa, ko, ko, ko.

"Amepona?"

"Bado. Kokoto zitasaga nini?"

Fisi akaenda, akaleta mtama. Kuku akala nusu. Nusu akala Buku, eti anaonja kama una sumu.

"Amepona?"

"Huoni anavyokula? Mzima anakula hivyo?"

Kesho yake Kuku hakugusa kitu.

"Leo hajala," akasema Fisi. "Basi amepona."

"Jirani, asiyekula si ndiye mgonjwa?"

Fisi akakaa chini. Akila, anaumwa. Asipokula, anaumwa. Akajaribu kulipanga hilo kichwani, likadondoka. Akalipanga tena, likadondoka tena. Usinitazame hivyo, Sikudhani, hata mimi hapo huwa napitia pembeni.

Basi Fisi akawa kila asubuhi anakagua kinyesi cha Kuku, anafagia, anatandika majani makavu, anapasha maji. Akasahau kuwinda, mbavu zikatokeza. Na niwaambie kweli, alianza kumpenda Kuku kidogo. Hilo ndilo lililomchanganya kabisa, maana kila akimpenda, mate yanamtoka.

Mwisho uvumilivu ukamwisha. Akatandika mkeka, akawaita majirani, Ngiri na Tumbili na wengine.

"Leo mtaniona nikila firigisi," akasema.

Wakaketi. Kuku alikuwa amenenepa, shingo nyekundu, macho maangavu, moyo unamwenda tu, tu, tu. Aliogopa sana. Kati yake na meno ya Fisi hapakubaki kitu ila mdomo wa Buku.

Buku akasimama. "Jamani, firigisi ni ya nani?"

"Ya mwenye nyumba," wakasema wote.

"Na mwenye nyumba tunamjuaje?"

"Mwenye nyumba anapikiwa," akasema Ngiri.

"Anatandikiwa," akasema Tumbili.

"Haya. Hapa anapikiwa nani?"

Ngiri akakohoa. "Mimi kila nikipita namkuta Fisi jikoni."

"Mimi nimemkuta na ufagio," akasema Tumbili. "Kuku kalala."

"Basi mwenye nyumba ni Kuku, na firigisi ni yake," akasema Buku. "Fisi, usijiaibishe. Mtumishi hanyang'anyi chakula cha bwana mbele ya wageni."

Wageni wote walikuwa wanamtazama Fisi, kama alivyotaka.

"Sawa," akasema polepole. "Mpeni firigisi yake."

"Anayo tayari. Iko tumboni mwake."

"Ameshaila?"

"Kabla hata hujatandika mkeka."

Fisi akawaza. Kama ameshaila, basi karamu imekwisha. Na kama karamu imekwisha, mbona yeye ana njaa?

"Na mtumishi anapata nini?" akauliza.

"Mtumishi anapata miguu."

Fisi akaitafuta miguu. Miguu ilikuwa inavuka mlango, inashuka bondeni, tap, tap, tap, na Kuku mzima yuko juu yake.

"Asante kwa huduma, kijana," akasema Kuku.

Hadithi yangu imeishia hapo Kuku alipopotelea. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda aniachie, nitailalia mwenyewe.

Funzo? Funzo ni kwamba tuwatunze wagonjwa kwa moyo safi. Sasa, Fisi alitunza kwa moyo mchafu na mgonjwa akapona vizuri tu, hilo tuliruke. Tuseme tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini Fisi hakufa, na Buku na tamaa yake ya mtama alinenepa. Ngojeni kidogo. Haya, chukueni hili: siku mkiugua, ombeni muokotwe na mlafi. Mwenye huruma angemchinja Kuku palepale mtaroni, asiteseke.